Tupige Picha ya Umbo, Si ya Utajiri

Jumamosi moja asubuhi, kando ya barabara ya ufuoni mjini Malindi, niliwakuta wanafunzi wamelizunguka gari jekundu la mbio, la viti viwili, lililoegeshwa nje ya mkahawa. Kila mmoja aliegemea mlango, mwenzake akampiga picha kwa simu, kisha wakabadilishana zamu. Nilipoomba kuziona picha hizo, niliona nyuso zenye tabasamu na kipande cha bati jekundu. Gari lenyewe halikuwamo.

Sikuwalaumu. Walitaka ushahidi kwamba siku moja walisimama karibu na utajiri. Hata hivyo, walikuwa mbele ya somo wasilolijua. Gari la aina hiyo, kabla ya kuwa mali ya tajiri, huwa ni fikra ya msanifu. Yeye huchora, kisha kwa kawaida hufinyanga kwa udongo mfano wa ukubwa wa gari lenyewe, akikwangua na kulainisha mpaka mwanga uteleze juu yake bila kukwama.

Mwaka 1951 jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York, liliweka magari manane katika maonyesho kama wawekavyo sanamu. Mojawapo lilikuwa Cisitalia 202, lililosanifiwa na kampuni ya Pinin Farina ya Turin, Italia. Katika magari mengi ya awali, boneti, taa na vifuniko vya magurudumu vilionekana kama vitu mbalimbali vilivyounganishwa. Katika Cisitalia vyote vilikuwa ngozi moja. Baadaye jumba hilo lililitia gari hilo katika hazina yake.

Basi tulipigeje picha gari la namna hiyo? Kwanza, tuombe idhini ya mwenyewe. Pili, tuchague wakati. Jua la saa sita la Pwani huunguza paa kwa weupe na kuacha ubavu katika giza. Lakini mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unapotoka baharini ukiwa chini, hupita juu ya bati kwa ulaini na kuonyesha kila mpindo. Tatu, tuchutame hadi usawa wa taa za mbele. Nne, tusisogee mno, kwa maana lenzi ya simu kwa karibu huivimbisha pua ya gari. Turudi nyuma hatua kadhaa. Mwisho, tukumbuke kwamba rangi inayong'aa ni kioo: asiyeangalia ataiona sura yake mwenyewe mlangoni.

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: mtoto aendaye shule kwa miguu ana haja gani na gari la mamilioni? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba jicho hilo si geni kwetu. Mtoto wa Ngomeni au wa hori ya Kilifi amemwona fundi wa mashua akifumba jicho moja, akiufuata ubao kutoka omo hadi tezi kutafuta mahali ulipopinda visivyo. Fundi yule na msanifu wa Turin wanatafuta jambo lile lile.

Tena usanifu hupimwa kwa njia unayopita. Katika Safari Rally ya mwaka 1974, Porsche 911 ya Björn Waldegård, gari la fahari, ilishika nafasi ya pili nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Mkenya Joginder Singh. Waldegård alirudi na 911 akashinda mwaka 2011, katika Safari ya magari ya kale. Mpiga picha asiyeonyesha gari na ardhi linayoikanyaga ameeleza nusu ya habari.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza kazi angali mwanafunzi, akipiga picha za magari ya Safari. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliigutusha dunia. Jicho lake lilianza kunolewa vumbini, kando ya barabara.

Leo sanaa ni mojawapo ya mikondo ya sekondari pevu. Walimu wa Kilifi hawana haja ya kungoja gari la tajiri. Wawatume wanafunzi kuipiga picha tuktuk, baiskeli ya muuza maji au mashua iliyopwelewa, kisha kila mmoja aeleze kwa maandishi kwa nini mstari huu umepinda na ule umenyooka. Likija gari jekundu, watajua la kutazama.

Anayepiga picha ya utajiri hujifunza kutamani. Anayepiga picha ya umbo hujifunza kuuliza lilivyotengenezwa, na anayeuliza hivyo huenda siku moja akatengeneza lake.