Mafuta ya motere: mama, soma kwanza namba iliyo juu ya kifuniko

Wiki hii tuache kidogo habari za lishe na za shule, tuingie garaje. Najua wako watakaosema hiyo ni kazi ya wanaume. Lakini hapa kwetu Bukavu wamama wengi wana taksi kwa majina yao wenyewe, na viko vikundi ambavyo pesa ya likelemba imezaa gari. Gari lile ndilo linalolipa masomo ya watoto. Motere ikikufa, shofere atatafuta gari lingine la kuendesha. Deni litabaki kwa mama.

Magari mengi yanayotufikia ni Toyota zilizotumika kwanza kule Japani: Vitz, IST, Probox, Noah, RAV4, usukani upande wa kuume. Ni ya kisasa kuliko tunavyofikiri, lakini yakifika tunayatunza kama malori ya wazee wetu. Shofere anatumwa kununua mafuta, anarudi na yale mazito ya bei ya chini, na fundi anaeleza: “Mama, huku kwetu ni joto, motere inapenda mafuta mazito.” Neno hilo limerudiwa mpaka limekuwa kama sheria. Tulipime.

Kwenye kila bidoni utaona maandishi kama 5W-30, 10W-40, 15W-40 au 20W-50. Namba hizo zinaeleza uzito wa mafuta, hazisemi kama ni mazuri ao ni mabaya. Kila mama anajua mawese: asubuhi yameganda ndani ya chupa, yakiingia kwenye sufuria ya moto yanakimbia kama maji. Mafuta ya motere nayo yana tabia hiyo, ila yametengenezwa ili yasiwe mazito mno asubuhi wala mepesi mno yakipata moto. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha namna yanavyotembea motere ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, mafuta yanafika upesi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake yakiisha kupata moto, kwa digrii 100.

Hiyo W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, ndiyo maana wengine wanacheka: theluji iko wapi hapa? Theluji hakuna, ni kweli. Lakini motere yoyote inachoka sana pale inapowashwa, kabla mafuta yaliyolala chini hayajapanda juu. Na asubuhi ya Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, si asubuhi ya Kinshasa.

Na lile joto la fundi? Motere ina kifaa chake, temostati, kinacholinda maji ya kupoza yakae karibu na digrii 90, gari likiwa Goma ao likiwa Kindu. Kwa hiyo jua la nje si neno kubwa kama tunavyoambiwa. Tusimwonee fundi, hata hivyo. Gari lililojaa mizigo likipanda Ngomo kutoka Uvira linachemsha mafuta kweli, na vitabu vingine vya magari vinaruhusu mafuta mazito kidogo kwa kazi ya namna hiyo. Motere iliyozeeka na kuanza kula mafuta, mafundi wengi wanaipandisha daraja moja. Hiyo ni dawa ya mgonjwa. Shida ni kumpa kila mtu dawa ile, hata gari lililoshuka juzi kutoka Dar es Salaam.

Angalia juu ya motere ya Toyota hizi. Mara nyingi utakuta pameandikwa VVT-i. Ni chombo kinachobadilisha saa ya kufungua na kufunga supapu ili motere ivute vizuri na kula esanse kidogo. Kinachokisukuma ni mafuta yenyewe, yakipita ndani ya njia nyembamba sana. Mimina 20W-50 humo, asubuhi yatachelewa kufika. Yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa, yanaacha tope linaloziba kichujio chake kidogo, na hapo utasikia motere inatetemeka.

Namba ya gari lako itafute juu ya kifuniko cha kujazia mafuta. Mara nyingi ni 5W-30 ao 0W-20. Ikiwa imefutika, fungua kitabu kilicho kwenye sanduku la mbele ya abiria. Nilifungua kimoja, cha Kijapani chote, sikuelewa hata herufi moja. Lakini 5W-30 ilikuwa pale, inasomeka kama ubaoni, na kiasi cha lita pia. Kwa IST yenye motere ya lita 1.5 ni lita 3.7, filtre mpya ikiwa ndani. Bidoni ya lita 4 inatosha na inabakiza. Shofere akiomba pesa ya lita 5, muulize inayobaki inakwenda wapi. Kujaza kupita alama ya kijiti cha kupimia nako ni kubaya: mafuta yanapigwa na kutoa povu, na povu halilainishi chuma.

Kando ya namba kuna herufi za API. S ni ya esanse, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inakwenda na alfabeti: SP, iliyotoka mwaka 2020, ni mpya kuliko SN, na SN ni mpya kuliko SL. Ukiona SF, ujue ni kipimo cha magari ya miaka ya 1980, hata bidoni ing’ae namna gani. Kwa dizeli mpya zenye chujio la moshi, tafuta ACEA C, maana mafuta ya kawaida yanaacha majivu yanayoziba chujio hilo. Kwa pikipiki ni habari nyingine: tafuta JASO MA, la sivyo ambreaji inaweza kuteleza.

Rangi isikudanganye. Mafuta yakiwa meusi maana yake yanaosha. Ya dizeli yanageuka upesi sana. Hesabu kilometa. Vitabu vya Toyota vya Japani vinakata muda kwa nusu kwa gari la vumbi, la mashimo, la safari fupi fupi, na hayo ndiyo maisha ya taksi zetu zote. Kwa mafuta ya kawaida, mimi ningefanya vidanje kila kilometa 5000, na kuandika tarehe na kilometa kwenye daftari la kikundi, pamoja na filtre.

Nunua mwenyewe, bidoni ikiwa imefungwa na pete yake ya kifuniko haijakatika, na usimame pale yanapomiminwa. Fundi akiisha kumaliza, dai bidoni tupu. Wako wanaozikusanya, wanajaza mafuta yaliyotumika na kuziuza kama mpya. Toboa ya kwako kwa msumari kabla hujaitupa.