Kosa la Lugha ya Nyumbani au Ulemavu wa Kujifunza? Juu ya Wanafunzi wa Mbulu na Hanang

Mwalimu wa Mbulu au wa Hanang, mkoani Manyara, asahihishapo daftari la kijana wa miaka 14 huweza kukuta makosa ya asili mbili yaliyochanganyika. Asipoyatenga, kijana hasaidiwi. Watoto wengi wa huko huingia shuleni na Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, au na Kidatooga cha Wabarbaig, kilicho cha jamii ya Kinailoti. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Katika sekondari Kiingereza huchukua nafasi yake. Basi kijana ashindwapo kusoma, ni rahisi mno kusema kwamba lugha ni ngeni, ataizoea. Miaka hupita hivyo.

Sarufi ya Kiiraqw yaweza kutusaidia. W. H. Whiteley, aliyepata kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alitoa maelezo yake juu ya lugha hiyo mwaka 1958, naye Maarten Mous akatoa sarufi mwaka 1993. Sauti z na v si za asili katika Kiiraqw, na majina yake hugawanyika kwa jinsia tatu, si kwa ngeli kama zetu. Mwanafunzi aandikaye “sawadi” kwa “zawadi”, au asemaye “kitabu yangu”, huenda anafuata tu sikio na sarufi ya nyumbani. (Kosa la pili, kusema kweli, twalisikia hata mijini, tena kwa wenye vyeo.) Lakini tuseme mwingine aandika “kamalu” kwa “kalamu”, na kesho aandika vingine. Sauti k, l na m zote zimo katika Kiiraqw. Hapo lugha ya nyumbani haishtakiwi.

Dalili moja haitoshi. Ulemavu wa lugha haukai katika lugha moja tu, hujitokeza katika kila lugha aitumiayo mtoto. Kwa hiyo kijana apimwe kwa Kiiraqw pia, na kwa mdomo, maana mara nyingi hakufundishwa kukisoma: arudie maneno ya kubuni yenye silabi nne, asimulie upya hadithi aliyosimuliwa. Mama aulizwe alianza kusema lini, akilinganishwa na ndugu zake. Akifanya yote vizuri, huenda ahitaji Kiswahili zaidi tu. Akisimulia vizuri lakini silabi zikamvuruga, disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, yafaa kuchunguzwa. Akishindwa hata kusimulia, shida ni pana zaidi. Kipimo hiki kisihamishiwe kwa Mbarbaig bila kutungwa upya kwa Kidatooga.

Mzazi aendaye kuomba msaada apeleke maandishi: madaftari ya miezi kadhaa, matokeo ya kipimo cha mdomo, na barua kwa mwalimu mkuu yenye nakala kwa afisa elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka mtoto mwenye ulemavu aliye katika shule ya kawaida apewe huduma zimfaazo na mwalimu mwenye sifa. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huwaandaa walimu wa elimu maalumu. Aombe mambo yaliyo wazi: kijana asomewe maswali, aongezewe muda, ajibu kwa mdomo darasani. Barua isingoje mwaka wa mtihani. Wala isiseme “hajui Kiswahili”, kwa kuwa neno hilo humrudisha kijana kwenye dawati lile lile. Itaje makosa yenyewe, tarehe zake, na lugha alizopimwa kwazo.