Bushi za Milele Hazipo

Kila mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong yakikaribia, naulizwa swali lile lile na wenye magari ya kale: "Mtaalamu, nifunge bushi za mpira au za poliurethani?" Kabla sijafungua mdomo, mwenye swali ameshajijibu: "Nasikia za poli ukifunga mara moja umemaliza." Nimechoka kulijibu gereji kwa gereji, kwa hiyo leo nalijibu hapa.

Sifa hiyo ya "milele" inapatikana hivi. Mtu ana Peugeot 504 ya mwaka 1974. Bushi za mikono ya mbele hazijaguswa tangu gari lilipokuwa likibeba abiria wa Nakuru. Mpira umekauka na kupasuka, na gari linagonga kila likivuka tuta. Anazing'oa, anafunga poli nyekundu, gari linatulia, na kesho yake anawatangazia wenzake kwamba poli ni kiboko. Bwana, hata ungefunga mpira mpya gari lingetulia! Umeshindanisha kitu kipya na marehemu, halafu ukampa tuzo aliye hai.

Tena huyo marehemu mara nyingi ameuawa. Bushi ya mpira ulioshikana na vyuma viwili, cha ndani na cha nje, haizunguki wala haitelezi. Cha ndani kimebanwa na bolti, cha nje kimekaa ndani ya mkono. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kujinyongoa. Ni springi ile, iwe umeijua au hukuijua. Sasa fundi ameinua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, na yeye anakaza bolti mpaka mwisho ndipo alishushe. Gari likigusa ardhi tu, kila mpira umeshanyongwa, na bado halijatoka getini. Utabaki umenyongwa usiku na mchana, gari likiwa limesimama au linatembea, na kila shimo linaongeza mnyongo juu ya mnyongo. Mpira ambao ungekaa miaka unachanika ndani ya miezi, na mwenye gari anarudi dukani kugombana kuhusu spea feki. Feki zipo, tena tele. Lakini bushi nyingi ninazoletewa zimechanika upande mmoja, na alama hiyo ni ya jeki, si ya kiwanda.

Poli haina mnyongo huo, na hapo ndipo wauzaji wake wanaposhangilia. Chuma cha ndani kinateleza ndani yake. Sawa, lakini kinachoteleza kinahitaji grisi, tena ya silikoni, na kinahitaji usafi. Gari la lami tupu litavumilia. Lipeleke Tsavo: vumbi linapenya pembeni mwa bushi, linachanganyika na ile grisi, na chuma kinaanza kulika kidogo kidogo mpaka bushi inapwaya. Kabla ya kupwaya italia. Ukikanyaga breki inalia, ukipanda tuta inalia, mpaka jirani anajua umerudi nyumbani. Hapo ndipo anapotokea mganga wa pembeni na kopo la oili chafu. Usimruhusu. Mafuta ya injini huvimbisha na kulainisha mpira wa asili, na yakishamwagwa hayachagui: yanachuruzika hadi kwenye bushi za mpira ulizobakisha. Kelele itanyamaza wiki moja, halafu utakuwa na shida mbili.

Na wa Mombasa, Tanga na Unguja mnisikilize zaidi. Poliurethani si kitu kimoja. Ile ya jamii ya poliesta huvunjwavunjwa na joto na unyevu vikikutana; inaanza kunata, halafu inameguka. Ya jamii ya polietha hustahimili unyevu vizuri zaidi. Ukimuuliza muuzaji anauza ya jamii gani akakujibu "hii ni orijino," rudisha pochi mfukoni. Wala rangi si ushahidi wa chochote. Kila kiwanda kina nyekundu yake na njano yake. Ugumu husomwa kwa namba ya kipimo cha Shore A, na asiyeijua namba hiyo hajui anachokuuzia.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kila kilicho kigumu ni imara. Chukua Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Kila gurudumu la mbele lina fimbo inayoanzia kwenye mkono wa chini na kurudi nyuma hadi kwenye kishikizo cha bodi. Fimbo hiyo imepita kati ya bushi mbili, moja mbele ya kishikizo na nyingine nyuma yake. Gurudumu likipanda, fimbo inabadili pembe, na bushi ndizo zinazotakiwa kuiachia pembe hiyo. Funga poli ngumu pande zote mbili, zitakataa. Chuma ndicho kitakachopinda badala yake, kidogo tu, kila shimo, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka kichoke na kukatika karibu na bushi. Haya si ya kufikirika. Fimbo za 240Z zimekatika hivyo, gurudumu likasukumwa nyuma. Wanaoyajua magari hayo hufunga poli upande wa mbele, unaobeba msukumo wa breki, na huacha mpira upande wa nyuma ili fimbo ipate kucheza.

Kwa hiyo usiulize ipi inadumu. Uliza sehemu hiyo inatakiwa kucheza vipi.

Nafasi inakwisha, twende haraka. Gari la kutembelea, 504, Land Rover ya springi za mabamba, Datsun ya pikapu: mpira, pande zote mbili kwa pamoja. Bushi za stabilaiza na za kushikilia boksi la usukani: poli, bila wasiwasi. Injini inayovuja oili juu ya bushi: ziba kwanza, ukishindwa, poli huvumilia oili kuliko mpira. Mpira wa gari lako hautengenezwi tena: poli, chagua laini kuliko zote zilizopo. Gari la mashindano ya lami: poli, na wewe uvumilie mtikisiko. Mpira uliokaa kwenye boksi tangu enzi za babu ni mzee hata kama haujafungwa; uminye kwa kucha, ukiona nyufa uache. Bushi yenye matundu ina upande wake, weka alama kabla ya kung'oa. Mpira uingize kwa maji ya sabuni. Poli ya zamani usiichome kwa moto, moshi wake ni sumu. Bolti za bushi za mpira zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likiwa na uzito wake wa kawaida, halafu ndipo uende kupima alaimenti.