NZI WA KUKU, UGOMVI WA MTAA

Siku hizi Dar ukitaka kuijua nyumba yenye mradi wa kuku huna haja ya kuulizia. Ingia Tabata, Kimara au Mbagala, fuata harufu, na kama una mafua basi fuata nzi. Vijana tumemaliza shule, ajira hakuna, tukaona afadhali vifaranga 200 uani. Sawa kabisa. Kasheshe huanza pale jirani anapofunua sahani ya wali na kukuta vitu vyeusi ambavyo si pilipili manga.

Hebu tumjue huyu nzi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 500 maishani mwake, na kwa joto letu hili yai huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Sasa wewe kila Jumamosi unapulizia dawa, unaua wazee tu, huku chini ya chombo cha maji funza wanalelewa kama wako bweni! Funza anataka unyevu. Maranda yakiwa makavu hana maisha. Kwa hiyo kabla hujakimbilia duka la dawa, tazama chombo kinachovuja, kiinue kifike usawa wa mgongo wa kuku, na maranda yaliyoloa yazoe siku hiyohiyo. Mbolea usiirundike ukutani kwa mama wa watu. Ifunike kwa nailoni, joto la humo ndani linawamaliza funza wengi. Jirani akishapanda hasira na kwenda kwa bwana afya, mradi wako ndio umeingia mdomoni mwa watu.

Utitiri yeye hana habari na jirani, anakumaliza wewe. Kusema kweli si mdudu hasa, ana miguu minane, ni ukoo mmoja na kupe. Mchana amejificha kwenye nyufa za mbao, usiku anatoka kunyonya damu. Unaona kuku wamepauka, mayai yamepungua, unamlaumu muuza chakula. Ingia usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya mbao wanazolalia. Ikitoka na madoa mekundu, ndiye huyo. Na usidhani ukiuza kuku wote atakufa kwa njaa, anaweza kukaa miezi bila kula. Banda likiwa tupu toa kila kitu, osha, ziba nyufa, paka chokaa.

Tatizo letu ni dawa. Kuna jamaa wanachukua ya kupulizia mahindi au ya kuogeshea mbwa, wanamwaga bandani na kuku wamo. Wenzetu Ulaya yaliwakuta mwaka 2017. Uholanzi na Ubelgiji mabanda yalipuliziwa dawa ya utitiri iliyochanganywa na fiproni, ambayo hutumika kuua viroboto vya mbwa na paka, lakini kwa kuku wa mayai ni marufuku. Sumu ikaingia kwenye mayai, mamilioni yakaondolewa madukani, mashamba yakafungwa. Na wale wana maabara za kupima, sisi chipsi mayai tunapima kwa ulimi.

Ukifika duka la mifugo muulize muuzaji: hii ni ya kuku wa mayai? Nikae siku ngapi kabla ya kuuza? Akikujibu, "We pulizia tu, bwana," rudisha hela yako mfukoni uende duka la pili.