Usalama wa programu: Kulipa mwanzoni au mwishoni?

Wakala wa forodha anayeagiza programu ya kufuatilia mizigo kati ya Mombasa na Kampala ana njia mbili za kuchagua. Katika njia ya kawaida, mtengenezaji hukusanya mahitaji, husanifu, huandika programu, huijaribu na kuikabidhi. Usalama hukaguliwa karibu na mwisho. Njia ya pili huingiza usalama katika kila hatua, hivyo bei ya mwanzo na muda wa kazi huongezeka.

Faida ya njia ya pili ilidhihirika Marekani. Januari 2002, Bill Gates aliwaagiza wafanyakazi wa Microsoft watangulize usalama kabla ya kuongeza mambo mapya. Hata hivyo, programu zilizokwishauzwa zilibaki na kasoro zake. Januari 25, 2003, kirusi kilichoitwa Slammer kilipenya kupitia SQL Server na kuambukiza kompyuta zipatazo 75,000, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika 10. Wateja wa Bank of America walishindwa kutoa fedha kwenye maelfu ya mashine za ATM.

Marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Julai 2002, lakini wateja wengi hawakuwa wameyaweka. Mwaka 2004 Microsoft ilifanya utaratibu wa kuanza na usalama, uitwao SDL, kuwa wa lazima.

Kiuchumi, kasoro isiyoondolewa kiwandani haipotei. Gharama yake humhamia mtumiaji. Kwa wakala, swali la usanifu ni nani anaweza kubadili namba ya kontena au kuona thamani ya mzigo wa mteja. Likiulizwa lori likiwa tayari Malaba, limechelewa.

Si kila programu inahitaji gharama hiyo. Daftari la stoo kwenye kompyuta moja isiyo na intaneti linaweza kutosheka na njia ya kawaida. Panapohusika malipo, taarifa za wateja au mifumo ya forodha, usalama uanze mwanzoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ulinzi wa taarifa binafsi uzingatiwe tangu usanifu. Uganda, Rwanda na Tanzania nazo zina sheria za kulinda taarifa hizo.

Kabla ya kusaini, mkataba ueleze nani atarekebisha kasoro, ndani ya siku ngapi na kwa gharama ya nani. Bei nafuu isiyojibu maswali hayo bado haijakamilika.