Dereva Mwenye Kisukari Apewe Muda wa Kula

Dereva wa abiria kati ya Kasulu na Kibondo huweza kutoka stendi alfajiri na asitie kitu tumboni mpaka mchana. Kwa asiyeumwa, hiyo ni njaa tu. Kwa anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi ni hatari, kwa kuwa dawa inaendelea kushusha sukari na chakula hakuna. Ndiyo maana nasema tatizo kubwa barabarani si kisukari chenyewe, ni dawa kukutana na ratiba isiyo na mlo. Ubongo hutegemea sukari ya kwenye damu. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 4 (mmol/L), mikono inaweza kutetemeka, jasho likatoka hata kwenye baridi ya asubuhi, kisha maneno na maamuzi yakavurugika. Trafiki akimsimamisha hapo atadhani amelewa, kumbe anahitaji soda.

Wapo wanaosema mgonjwa asiendeshe kabisa. Nawaelewa, lakini katazo hilo litamfanya dereva afiche kadi ya kliniki na asimwambie hata kondakta wake. Tena wagonjwa hawafanani: anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka hivyo. Uingereza humruhusu mwenye insulini kuendesha kwa masharti: apime kabla ya kuondoka na kila baada ya saa 2 njiani, akikuta chini ya 5 ale kwanza, chini ya 4 asiendeshe. Sukari ikimshukia safarini aegeshe, azime injini, achomoe ufunguo, anywe soda yenye sukari au maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, na apime tena baada ya dakika 15. Kisha ale muhogo au ndizi. Hata akijisikia mzima, asubiri dakika 45 tangu sukari irudi sawa, maana ubongo huchelewa kutengemaa.

Pingamizi zito ni la fedha. Vijiti vya kupimia ni ghali, na bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni anaona saa moja ya kusubiri ni hasara. Ni kweli. Lakini kula kabla ya kuwasha pikipiki hakuhitaji kijiti, na mwenye kijiti kimoja akitumie kabla ya safari ndefu. Mwenye chombo naye amuulize dereva, bila kumtishia kazi, anatumia dawa gani na anakula saa ngapi. Na siku sukari inaposhuka, apunguze hesabu.