PIMA KWANZA, NDIPO UMEZE DAWA

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Mwaka jana ndugu yangu mdogo alishikwa na homa usiku. Sisi tunakaa Kawangware. Mama alikuwa na shilingi mia moja tu. Alikimbia kwa kemisti akasema, "Nipe dawa ya malaria ya mtoto." Muuzaji hakuuliza kitu. Mtoto alimeza dawa siku tatu, na siku ya nne akawa anapumua kwa shida. Kliniki walimpima damu, hakuwa na malaria hata kidogo. Ilikuwa nimonia! Alipona, lakini nusura tumpoteze.

Je, kwa nini dawa hiyo huwa rahisi kununua kuliko kupimwa? Mwaka wa 2010 Kenya iliingia katika mpango wa kimataifa uitwao AMFm. Wafadhili walilipa sehemu kubwa ya bei ya dawa mseto huko kiwandani, ili kemisti aiuze kwa shilingi 40. Pakiti zake zilitiwa alama ya jani la kijani. Jambo hilo lilikuwa jema, kwa maana klorokwini ilikuwa imeshindwa na malaria, na dawa mpya ilikuwa ghali. Lakini kipimo hakikupunguziwa bei. Basi mzazi mwenye mia moja huruka kipimo, akanunua dawa.

Na kipimo chenyewe si kigumu. Ni tone la damu ya kidole, halafu unangoja kama dakika ishirini.

Tena Nairobi iko juu na ina baridi, kwa hivyo mbu wa malaria hawastawi. Wengi wetu wa Kibera na Kawangware huitoa malaria ushago, kama Siaya au Busia. Ndugu yangu hakuwa ametoka Nairobi mwaka mzima!

Huko Bungoma watafiti walijaribu njia nyingine. Wahudumu wa afya wa vijijini walipima watu bure, na aliyepatikana na malaria akapewa cheti cha kununua dawa dukani kwa bei nafuu. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018: waliopimwa waliongezeka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia. Ruzuku ipitie kwenye kipimo kwanza, hata kwa kemisti wetu wa mtaani.

Wanafunzi wenzangu, mkitumwa dawa leo jioni, ulizeni kwanza, "Amepimwa?"